Pamoja na uzao wake

Mama mkwe wangu alikuwa na karatasi moja kubwa ambayo aliikunja mara nne na kuihifadhi ndani ya Biblia yake. Chini kabisa aliandika majina ya wanangu wawili. Juu yao yupo mume wangu, juu yake yeye mwenyewe, kisha mama yake, kisha bibi yake, hivyo hivyo kupanda hadi mwaka 1870. Hapo wino ulikoma. Kuanzia hapo kwenda juu aliandika kwa penseli tu, na alama za kuuliza nyingi.

Wamarekani weusi wengi wanaotafuta wazee wao hukwama mwaka huo huo. Sensa ya 1870 ndiyo ya kwanza iliyowaandika kwa majina watu wote waliokuwa watumwa. Katika sensa za 1850 na 1860 mtumwa aliwekwa chini ya jina la bwana wake kwa umri, jinsia na rangi, basi. Anayetaka kuvuka hapo inabidi aache kwanza kuwatafuta watu wake, awatafute waliowamiliki. Na hao nao huwapata vizuri wakishakufa, kwa sababu tajiri akifa mali yake huandikwa, na watu wale walikuwa mali.

Mama alianza kazi hiyo alipostaafu ualimu. Mwaka 1870 bibi wa bibi yake aliishi nyumba ya tatu kutoka kwa familia ya wazungu yenye jina la ukoo kama lake. Akaishika familia ile, akapanda nayo wasia baada ya wasia. Mara kwa mara alipotea, maana mabinti ndio waliopewa watumwa wengi, binti akaolewa, jina likabadilika. Mwisho alifika kwa mama mmoja mjane aliyeandika wasia wake miaka ya 1780. Katika wasia ule alitajwa mwanamke mtumwa, mzee, pamoja na watoto na wajukuu wake kwa majina, na wajukuu hao Mama aliweza kuwafuata hadi kwenye karatasi yake. Swali lililobaki lilikuwa moja: mjane yule alimpata wapi mwanamke huyo?

Jumatano moja ya Julai tuliondoka Norfolk mimi, yeye na binti yangu wa miaka minne. Tulivuka ghuba ya Chesapeake kwa lile daraja lenye mahandaki, kilomita 28 za maji kushoto na kulia, tukaingia wilaya ya Northampton, Virginia, hadi mji mdogo wa Eastville. Kumbukumbu za mahakama ya hapo zinaanzia mwaka 1632, na hakuna mahali pengine Marekani penye kumbukumbu za kale kama hizo zisizokatika. Wilaya nyingine kadhaa za Virginia zilipeleka vitabu vyao Richmond wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe ili visalimike, vikateketea huko huko mji ulipoungua Aprili 1865. Mama alikuwa akimshukuru Mungu kwamba wazee wake waliteseka katika wilaya ambayo vitabu vyake havikuungua. Alisema hivyo hivyo, bila kupunguza neno.

Darajani alinihadithia habari za Anthony Johnson, aliyetoka Afrika, akatumikishwa, akapata uhuru na ardhi yake mwenyewe hapo Northampton, na mwaka 1655 mahakama ikampa ushindi wa kummiliki mtu mweusi mwenzake, John Casor, maisha. “Ukurasa ule siupendi,” Mama alisema, “lakini ni wetu pia.” Nilinyamaza kidogo. Mimi nimekulia Pangani. Kwetu utumwa ulifutwa kisheria mwaka 1922 tu, na bado zipo nyumba ambazo ukiuliza wazee wake walitoka sehemu gani ya bara, bibi yako anakufinya. Nilimweleza. Aliniuliza kama huko nako kuna vitabu. Nikamwambia kwetu kuna watu wanaojua na hawasemi.

Karani wa ofisi alitupa meza karibu na dirisha. Kitabu kilikuwa kizito, mwandiko umelala upande, na herufi “s” ndefu inayofanana na “f”, hivyo ukurasa wa kwanza tuliusoma kama watoto wa chekechea. Kufikia saa tano tulikuwa na wasia wa mzee mmoja tuliyemdhania kuwa ndiye baba wa mjane. Mzee alimwachia mkewe theluthi ya ardhi kwa muda wa uhai wa mke huyo. Nikamkumbuka mama yangu siku tulipogawa mirathi ya baba: tumekaa mkekani, shehe anapiga hesabu, na mama akapewa thumuni yake. Mambo ya mirathi nayajua. Najua watu wanavyotazama chini sufuria zikitajwa.

Mama aliangalia tarehe na uso ukamwanguka. Wasia uliandikwa Novemba 1743, na mahakama iliuthibitisha Februari 1743.

“Hauwezi kuthibitishwa kabla haujaandikwa,” alisema. “Ni mtu mwingine mwenye jina hilo.” Akavua miwani, akafunga kitabu.

Meza ya pili alikaa mzee mmoja aliyekuwa akifuatilia mipaka ya shamba. Alituomba radhi kwa kuingilia, kisha akatuambia kwamba kabla ya 1752 mwaka wa Waingereza na makoloni yao ulianza tarehe 25 Machi. Februari ilikuwa mwezi wa kumalizia mwaka. Mama alikuwa hajawahi kufika nyuma kiasi hicho, na hakumwamini mara moja. Mimi nilielewa papo hapo. Kwetu Alhamisi jua likizama tunasema ni usiku wa kuamkia Ijumaa, na siku yetu inaanzia hapo. Nilimwambia: “Mama, hao nao walikuwa na hesabu yao. Wasia ni wa Novemba, na Februari hiyo ni ya miezi mitatu baadaye.” Akakifungua kitabu tena.

Katika wasia ule mzee alimwachia binti yake msichana mweusi, akimtaja kwa jina, “pamoja na uzao wake wote wa baadaye, milele.” Mistari minne juu yake, mwana wa kiume alikuwa ameachiwa ng'ombe jike pamoja na uzao wake. Neno lilikuwa lile lile. Mama aliweka kidole cha mkono wa kushoto kwenye la ng'ombe, cha kulia kwenye la msichana, akakaa hivyo kwa muda mrefu. Mimi nilikuwa nimeshasoma kwamba sheria ya Virginia ya 1662 ilimfanya mtoto afuate hali ya mama yake. Nilidhani naielewa. Kumbe sikuwa nimeona bado jinsi mtu anavyoweza kukaa mezani na kalamu, akamgawia binti yake tumbo la mtoto wa mwenzake.

Baada ya wasia ilifuata orodha ya mali. Majirani wanne waliapishwa kuwa wathamini, wakapita chumba kwa chumba. Macho ya Mama yalikuwa yamechoka, nikawa namsomea. Godoro la manyoya na shuka zake. Meza ya mwaloni. Sahani za bati. Chungu cha chuma, kimepasuka. Kisha wakatoka uani: ng'ombe na ndama wake, pauni moja na shilingi kumi. Halafu majina saba yasiyo na ukoo, kila moja na bei yake. Msichana alikuwa wa sita. Pauni 15.

Mama aliniambia nirudie jina peke yake, bei niiache.

Nikalisoma. Karani wa enzi zile alikuwa ameanza kwa herufi kubwa ya mapambo, mkia wake umezunguka hadi mstari wa chini. Lilikuwa jina la mama mzazi wa Mama, ambaye alipewa jina la bibi yake, kama tunavyopeana sisi. Hapa silitaji, kwa sababu Mama ameniomba hivyo. Alisema limeshaandikwa vya kutosha na watu ambao halikuwa lao.

Mchana tulipata karatasi ya mgawanyo, na humo alisaini mume wa yule binti kwamba amepokea fungu la mkewe, msichana akiwemo. Jina la ukoo la mume huyo ndilo lililokuwa la mjane wa miaka ya 1780. Mama hakupiga kelele. Alimwomba karani kopi tatu, moja yake, moja ya dada yake, moja ya mume wangu, akalipa kwa sarafu alizokuja nazo kwenye mfuko wa kitambaa.

Nje kulikuwa na joto kali. Tulikaa ndani ya gari mbele ya mahakama ya zamani ya matofali, milango wazi, nikampa binti yangu biskuti. Mama alikunjua karatasi yake juu ya mapaja, akaandika lile jina juu kabisa, kwa wino. Kisha akaanza kuhesabu kwa vidole, taratibu, kwa majina. Wa kwanza yule msichana. Wa pili binti yake. Alipofika kwenye sensa ya 1870 mkono mmoja ulikuwa umebaki kidole kimoja, akaendelea hadi mkono wa pili: mama wa bibi yake, bibi yake, mama yake. Akajigusa kifua, wa nane. Mume wangu, wa tisa. Kilibaki kidole gumba. Akageuka nyuma, akamtazama mwanangu mwenye makombo ya biskuti mashavuni, akamwita kwa jina lake.

“Abee, Bibi,” mtoto akaitika.