Siku moja maishani mwangu: zamu ya mchana kwenye simu ya sumu

Saa 1:00 asubuhi. Napokea zamu kwenye simu ambayo watu huipiga kuomba ushauri mtu anapopata sumu. Simu ya kwanza ni ya mchuma tumbaku: kaamka anatapika, kichwa kinamgonga, mikono inatetemeka. Jana alivuna majani yakiwa na umande. Nikotini, sumu iliyomo kwenye tumbaku, huyeyuka majini na kupenya ngozi, hivyo shati lililolowa juu ya jani bichi ndilo hatari yenyewe. Dalili za shambani huchelewa, kati ya saa 3 na 17 tangu kugusa majani, ndiyo maana watu hulaumu jua au chakula. Avue nguo zote, aoge kwa maji mengi na sabuni, anywe maji kidogo kidogo. Maji yasipokaa tumboni au akizidi kulegea, hospitali. Majani yakiwa bado yamelowa, asirudi kuchuma.

Saa 3:15. Mtoto na kipisi cha sigara. Hakuna simu tunayoizoea kama hii. Maswali ni manne: kala nini, kiasi gani, saa ngapi, ana kilo ngapi. Sigara nzima hubeba takriban miligramu 10 hadi 15 za nikotini. Kipisi kina pungufu, lakini si kitupu. Mfute mdomo kwa kitambaa chenye maji, mpe maji kidogo, usimtapishe. Tumbo lina asidi, na asidi hupunguza kasi ya nikotini kufyonzwa. Isitoshe watoto wengi hutapika wenyewe mapema. Usimpe dawa ya kiungulia “kutuliza tumbo”: ukipunguza asidi, unaifungulia nikotini njia. Kisha tunaangalia kwa saa 4: mate kumjaa, kutapika, kupauka, jasho, kutetemeka, moyo kwenda mbio. Dalili ikizidi kutapika mara moja, wanaondoka kwenda hospitali.

Saa 5:40. Mtoto kameza maji ya sigara ya kielektroniki kutoka kwenye chupa. Hapa sicheki na mtu. “Mama, nisomee kwenye chupa, namba iliyo kabla ya mg/ml.” Ni 20. Mililita 1 ina miligramu 20 za nikotini. Kwa mtoto wa kilo 10 hizo ni miligramu 2 kwa kila kilo. Kijiko cha chai ni mililita 5, yaani miligramu 100. Hatungoji dalili. Kilichomwagikia ngozi kioshwe kwa maji kwa dakika 15, nguo zivuliwe, jicho likiguswa lisuuzwe kwa muda uleule. Mama avae glavu kama zipo, maana naye ana ngozi. Mtoto akisinzia alazwe ubavu, na chupa iende naye hospitali.

Vitabu vingi bado vinaandika kuwa miligramu 60 za nikotini humuua mtu mzima. Takwimu hiyo ilitoka kwenye majaribio ya karne ya 19. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2014 ulikadiria gramu 0.5 hadi 1 za kumezwa, yaani miligramu 500 hadi 1,000. Afueni hiyo ni ya watu wazima. Haimhusu mtoto wa kilo 10.

Saa 8:00 mchana. Muuguzi wa chumba cha dharura anauliza kwa nini mgonjwa aliyekuwa na mapigo 140 sasa ana 45. Nikotini huwasha vipokezi vya neva, kisha huvizima. Saa ya kwanza ni ya kuchemka: shinikizo juu, moyo mbio, hata degedege. Baadaye, ndani ya saa chache, mambo yanageuka: moyo unapunguza kasi, shinikizo linashuka, misuli inachezacheza chini ya ngozi halafu inalegea, pumzi inakuwa fupi. Utulivu huo wengi huudhania nafuu. Atropini hukausha mate na kuinua mapigo, lakini nguvu ya misuli hairudishi. Diazepamu ni ya degedege. Mkaa tiba, unga wa mkaa unaonasa sumu tumboni, ni wa aliye macho na aliyemeza ndani ya saa moja hivi. Dawa ya kuivunja nikotini yenyewe haipo. Kinachoua ni misuli ya kupumua kuzimika, kwa hiyo kazi ni kumpumulisha: mwili huondoa nusu ya nikotini kwa takriban saa 2. Mate mengi na kulegea hufanana mno na sumu ya dawa za wadudu, basi namwomba aulize tena mgonjwa alishika nini.

Saa 10:30. Mzee kabandika kwenye ngozi vibandiko viwili vya nikotini, vile vya kusaidia kuacha sigara, na bado anavuta. Kizunguzungu, kichefuchefu. Avibandue vyote, mgongo ukaguliwe pia. Hapa ngozi isuuzwe kwa maji matupu: maelekezo ya vibandiko hukataza sabuni kwa kuwa huweza kuongeza ufyonzaji. Ngozi ina akiba, nikotini itaendelea kuingia kwa saa kadhaa, kwa hiyo asiachwe peke yake. Kibandiko kilichotumika kikunjwe gundi kwa gundi. Bado kinamtosha mtoto.

Saa 1:00 jioni. Kwenye daftari naandika muda wa kumeza, si muda wa simu. Mtoto wa chupa alimeza saa 5:10. Anayepokea zamu akihesabu kuanzia 5:40, nusu saa imempotea.