Mtoto Hajaota Jino, Ana Dhambi Gani?

Wapendwa katika Kristo, Bwana asifiwe.

Jumapili iliyopita mjukuu wangu alibatizwa hapa Newala, na jioni yake jirani yangu Mwislamu, mzee tuliyekua naye mtaa mmoja na ambaye hajawahi kukosekana nyumbani kwangu siku ya furaha wala ya msiba, alikuja kumwona mtoto. Alimpakata, akamtazama kwa muda, kisha akaniuliza kwa upole: "Mzee mwenzangu, huyu hata jino hajaota. Mmemwosha dhambi gani?" Hakuuliza kwa ubishi. Katika imani yake Adamu alikosa, akatubu, akasamehewa, na kila mtoto huzaliwa katika fitra, akiwa safi, bila kubeba mzigo wa mwingine. Nilimjibu kwa maneno machache, na alipoondoka nikaona kwamba jibu langu lilikuwa jepesi mno kwa swali zito kama lile. Wiki nzima nimekuwa nalo, tukianika na kuchambua korosho, na leo nawaandikieni kile nilichopaswa kumwambia.

Kanisa halisemi kwamba mtoto mchanga ametenda uovu wowote. Katekisimu ya ndugu zetu Wakatoliki inaeleza kwamba dhambi ya asili ni hali ambayo mtu huipokea, wala si tendo alilolifanya. Waorthodoksi husisitiza kwamba tulichorithi kutoka kwa Adamu ni mauti na udhaifu, na kwamba hatia yake ilibaki yake. Sisi Waanglikana tunayo makala 39 za imani, zilizokamilishwa mwaka 1571, na ile ya 9 inasema kwamba dhambi hii haitokani na kumwiga Adamu tu. Ni uharibifu ulioingia katika asili ya kila mtu wa uzao wake. Tofauti hizi ni za kweli na sipendi kuzifunika kana kwamba hazipo. Hata hivyo wote hawa wanakiri jambo moja, kwamba ndani ya mwanadamu mna kitu kilichopotoka kabla hajapata nafasi ya kuchagua.

Hapa lugha yetu inatutega. Tunasema "dhambi ya asili", na neno asili kwa Kiswahili lina maana ya chanzo, tena lina maana ya vile kitu kilivyo kwa kuumbwa kwake. Msikilizaji anaweza kutoka kanisani akiamini kwamba tumefundishwa kuwa mwanadamu aliumbwa mbaya, kama vile shubiri ilivyo chungu kwa asili yake. Hakuna fundisho lililo mbali zaidi na kitabu cha Mwanzo. Sura ya kwanza inaeleza kwamba Mungu alitazama kila alichokifanya, mwanadamu akiwamo, akaona ni chema sana. Dhambi inaingia sura ya tatu. Kwa hiyo dhambi ni ya asili kwa maana ya chanzo, kwa kuwa ilianza pale mwanzoni mwa historia yetu, lakini uumbaji wetu una mwanzo wa zamani kuliko huo. Ninalisisitiza jambo hili kwa sababu nimewaona vijana wengi waliokata tamaa juu yao wenyewe wakidhani wanaamini Maandiko, kumbe wanaamini nusu tu ya habari.

Lugha hiyohiyo inatusaidia pia. Neno binadamu maana yake ni mwana wa Adamu, na kila siku tunalitumia kujitetea: mtu akinaswa katika uongo husema, "Nisamehe, mimi ni binadamu tu." Bila kujua, anamtaja babu yake. Anakiri kwamba kosa lake lina ukoo, na kwamba limeanzia nyuma kuliko yeye, jambo ambalo mtume Paulo analieleza katika Warumi sura ya 5. Kasoro ya utetezi huo iko katika lile neno "tu", kana kwamba kuwa mwana wa Adamu ni jambo dogo linalomaliza kesi. Vivyo hivyo neno kukosa. Mwindaji hukosa shabaha, na neno la Kiebrania linalotumika sana kwa dhambi, pamoja na lile la Kigiriki, yote mawili yana maana hiyo. Tena tunamkosea mtu, na tena tunakosa kitu, yaani tunapungukiwa. Augustino, askofu wa Hippo huko Afrika Kaskazini, aliyeishi mwaka 354 hadi 430, alifundisha kwamba uovu hauna kiini chake wenyewe; ni upungufu wa wema mahali ambapo wema ulipaswa kuwapo. Alihitaji maneno mengi kulieleza hilo kwa Kilatini. Sisi tuna neno moja linalobeba yote matatu.

Augustino huyo alishindana na Pelagio, mwalimu wa Kikristo wa wakati wake, ambaye alisema mtu anaweza kuishi bila dhambi kwa nguvu ya nia yake, na kwamba Adamu alituumiza kwa mfano mbaya tu. Maaskofu wa Afrika walikutana Karthago, katika nchi ya Tunisia ya leo, mwaka 418 na kulikataa fundisho hilo. Zamani niliona kama mabishano ya wasomi. Sasa siyaoni hivyo, na sababu ni gunia moja la korosho.

Mwaka mmoja nilikuwa na deni la ada ya mtoto na msimu ulikuwa umeshika kasi. Korosho zangu hazikuwa zimekauka, na kila mkulima wa huku anajua kwamba korosho yenye unyevu huongeza uzito kwenye mzani kisha huota ukungu ghalani. Nilizijaza kwenye gunia zikiwa vilevile. Nilijiambia kwamba wengine wanafanya hivyo, na kwamba mimi ni binadamu. Kisha nikafanya jambo ambalo hadi leo linanitia hofu kuliko lile la kwanza: nilitafuta korosho zilizokauka vizuri, nikazipanga juu, ili atakayefungua gunia akutane nazo. Hakuna aliyenifundisha hilo. Baba yangu hakuwahi kulifanya mbele yangu, wala sikumwona jirani akilifanya. Mkono ulijua wenyewe pa kwenda. Ikiwa dhambi ni kuiga tu, kama alivyosema Pelagio, mimi nilikuwa ninamwiga nani asubuhi ile? Yesu, katika Marko sura ya 7, anasema uovu hutoka ndani, moyoni mwa mtu, na wivi na hila anavitaja kwa majina yake.

Yaliyofuata mnaweza kuyakisia. Korosho za wanachama wa chama chetu cha ushirika huunganishwa kuwa mzigo mmoja unaokwenda mnadani, na mzigo wetu ulishushwa daraja kwa sababu ya unyevu na ukungu. Walioanika siku zote zilizotakiwa, wajane wakiwamo, walilipwa bei ya chini pamoja nami, wala hawakujua ni nani aliyewaingiza katika hasara hiyo. Tangu hapo sijapata shida kuelewa jinsi kosa la mmoja linavyoweza kuwafikia wasiokuwapo. Ila mfano huu unaishia hapo, kwa kuwa wale wajane hawakuwa na korosho mbichi katika magunia yao, ilhali mbele za Mungu kila mmoja wetu, akishapata nguvu ya kubeba gunia, amepeleka la kwake.

Paulo, katika Warumi sura ya 7, anajieleza kama mtu aliyeuzwa awe mtumwa wa dhambi: anajua jema, analipenda, kisha anatenda lile analolichukia. Sisi watu wa Kusini hatuhitaji kueleweshwa maana ya kuuzwa. Katika karne ya 19 njia za misafara ya watumwa zilitoka pande za Ziwa Nyasa, zikapita katika nchi hii hadi Kilwa Kivinje, na kutoka huko watu wakavushwa hadi Unguja. Soko la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873, na mwaka 1876 Askofu Edward Steere aliwaleta watu waliokombolewa kupitia Lindi, wakafanya makazi yao Masasi, na huo ndio mwanzo wa Kanisa letu huku. Nikiwafikiria watu wale naona mambo mawili kwa pamoja. Mnyororo ulikuwa wa kweli, na aliyefungwa hakuweza kujifungua kwa kuazimia tu kuwa huru. Ilibidi aje mwingine kutoka nje ya mnyororo. Lakini pia hakuna hata siku moja ambayo mnyororo ule ulikuwa sehemu ya mwili wake. Alizaliwa bila huo, akiwa na jina alilopewa na mama yake, na aliyemkomboa hakumpa utu mpya kana kwamba hakuwa nao.

Hivyo ndivyo ningemwambia jirani yangu kuhusu mjukuu wangu. Hatukumpeleka kanisani kwa sababu tunamwona mwovu. Tulimpeleka kwa sababu amezaliwa katika ukoo uliouzwa, ukoo wa babu yake anayejua kupanga korosho kavu juu ya gunia, na kwa sababu tunaamini yuko Mmoja aliyezaliwa mwana wa Adamu kama sisi bila mnyororo huo, naye amelipa.

Wiki hii tusome pamoja Zaburi ya 51. Daudi anaanza kwa kuomba aoshwe, jambo ambalo mtu yeyote aliyechafuka huliomba. Akifika mstari wa 10 anaona kuoshwa hakutoshi, anaomba moyo safi, na kitenzi anachokitumia kwa Kiebrania ni kilekile cha mstari wa kwanza kabisa wa Biblia, pale Mungu alipoumba mbingu na nchi. Nimeusoma mstari huo kila alfajiri tangu Jumapili, mtoto akiwa amelala chumba cha pili, kabla ya kutoka kwenda kugeuza korosho kwenye turubai.