Ngoma nne za baba mdogo

Jana mwanangu kaniuliza kwa nini lile lori la jirani limewekewa mawe kwenye matairi ilhali breki linazo. Nikamwambia akamuulize babu yake mdogo wa Tanga, nikacheka peke yangu.

Babu huyo ndiye baba yangu mdogo. Mwaka ule kubeba mkonge kulikuwa hakulipi, akauza hosi, kile kichwa cha lori kinachovuta, akabaki na tela la ekseli mbili. Akaliegesha uani kwake, hatua chache tu kutoka baharini. Masika yote yakalinyeshea. Alipopata hosi ya kukodi, dereva akaunganisha mipira ya breki, upepo ukajaa, busta, vile vikopo vinavyosukuma breki, zikapumua, tukajua safari imeiva. Hosi ikavuta. Tela likaja, ila matairi hayazunguki: yanaburuzwa kama mbuzi wa machinjioni.

Fundi akaingia chini na nyundo. Huku anagonga anatusomesha: tela likiishiwa upepo, springi ndani ya busta ndiyo inayokaza breki, inavikandamiza viatu vya breki kwenye ngoma, lile bakuli la chuma linalozunguka na tairi, usiku na mchana. Chumvi na unyevu vikipita hapo, kutu inavigandisha. Upepo utairudisha springi, kutu haitaki habari.

Ngoma tatu ziliachia kwa nyundo na kwa dereva kwenda mbele na nyuma. Ya nne ikagoma. Matairi yakatolewa, mtalimbo ukaingizwa nyuma ya ngoma, watu wawili tukauninginia. Ilitoka kwa mlio mmoja mkavu, vumbi jekundu likatumwagikia miguuni. Nikachungulia ndani. Laini ya breki, ule utando mgumu wa kiatu unaosugua ngoma, ilikuwa imebaki imeng'ang'ania ngoma, na kiatu chake kimesimama kitupu kwenye ekseli, matundu ya ribiti yanatukodolea. Nilijaribu kuibandua kwa kucha. Haikutikisika hata kidogo.

"Mzee, breki yako hii hapa," fundi akasema, akamsukumia ngoma nzima.

Baba mdogo akauliza alitakiwa afanye nini. Fundi akamwonyesha boliti ndefu inayoingia nyuma ya busta: ukiikaza nati, springi inarudi nyuma na viatu vinaachia. Weka kabari pande zote mbili za matairi, piga grisi, na kila mwezi lisogeze kidogo. (Ukanda wa busta usiufungue kamwe, springi ile ikichomoka inaua mtu.)

"Na mteremko?" baba mdogo akauliza. Uani kwake, kweli, kumeinamia barabarani. Tela zima lishikwe na mawe tu, watoto wa mtaa wanapita hapo? Fundi akakuna kichwa. Mimi mpaka leo sijui nani alikuwa na haki.

Wakaafikiana ekseli ya mbele ifungwe boliti, ya nyuma iachiwe springi. Masika yaliyofuata, ekseli ya nyuma ikakamata, ngoma mbili badala ya nne. Baba mdogo akaihesabu faida. Fundi akadai malipo yaleyale.