Nilivyooanisha visima na data za mtetemo kwa programu ya bure, na ule ushauri wa "vuta tu mpaka vifanane"

Wakuu, naandika hii kwa sababu nimechoka kuona vijana wa jiolojia wanaambiwa bila Petrel, ile programu ya kulipia, huwezi kutafsiri data za mtetemo (mwangwi wa mawimbi yanayopigwa chini ya ardhi ili kuona matabaka), halafu anayekwambia hivyo ndo huyo huyo anakupa flashi yenye kraki, yaani nakala ya wizi, iliyojaa virusi. Si kweli kabisa. Mimi kazi yote nimeifanya kwa OpendTect toleo la bure, kwenye laptopu ya mtumba ya Kariakoo, laki sita na kitu, RAM gigi nane. Kuna plagini (nyongeza) zake za kulipia, sijazigusa. Kuoanisha kisima na mtetemo kumo kwenye ya bure, kufuatilia horizoni, yaani mpaka wa tabaka, kumo, ramani zimo.

Data nilitumia za F3, kitalu cha Uholanzi kwenye Bahari ya Kaskazini. Data za kwetu za Songo Songo au Mnazi Bay haziko wazi mtu ujipakulie tu, ila hizi za F3 zimewekwa wazi kwa kila mtu na ni mali safi: mtetemo wa 3D wa mwaka 1987, eneo la kama kilometa 16 kwa 24, inilaini 100 mpaka 750, krosilaini 300 mpaka 1250 (mistari ya data ya upande mmoja na ile inayoikata), na visima vinne ndani yake. Nilipakua kwa bando la usiku. Na msidhani eti ni data za wazungu hazituhusu, maana humo ndani kuna delta kubwa ya zamani, mto uliokuwa unabeba mchanga na tope kutoka upande wa Baltiki unaumwaga baharini, matabaka yamelala mshazari moja mbele ya jingine. Ukishayaona yale unaanza kuuangalia mdomo wa Rufiji kwa jicho jingine, unajiuliza huko chini pamejipangaje.

Sasa tuje kwenye kilichoniumiza kichwa. Kisima kinapimwa kwa mita, mtetemo unapimwa kwa milisekunde za kwenda na kurudi. Ili uviweke pamoja unachukua logi, yaani vipimo vilivyochukuliwa kisimani, ya soniki (muda wa sauti kupita kwenye mwamba) na ya msongamano, unatengeneza mtetemo wa kubuni, yaani sinthetiki, unaulinganisha na mtetemo halisi pale pale kisima kilipo. Mimi sikuanza na ile projekti ya mfano iliyokwishapangwa, nilianza na projekti ya F3 hiyo hiyo inayozunguka chuoni kwetu kwa flashi, visima vimeshaingizwa. Nikaweka kisima cha F02-1, nikatoa sinthetiki, haifanani. Mawimbi yanakaribia, yanapishana, juu kidogo yanakubali, chini yanakataa.

Nikamuuliza kaka mmoja aliyetutangulia, anafanya kazi kwenye kampuni. Jibu lake: "Dogo, vuta tu mpaka vifanane, wote tunafanya hivyo." Basi nikasema ngoja nimfuate hatua kwa hatua nione inafika wapi. Unabonyeza kilele kwenye sinthetiki, unabonyeza kilele cha karibu yake kwenye mtetemo, programu inanyoosha. Unaenda cha pili, cha tatu, cha nne. Na kweli ile namba ya ulinganifu ikapanda, picha ikapendeza, ungeiweka kwenye ripoti hakuna ambaye angeuliza kitu.

Ila mimi sikuiamini. Nikalitoa lile jedwali la kina na muda nikaliweka kwenye Excel. Tofauti ya kina mara mbili, gawanya kwa tofauti ya muda, unapata kasi ya kila kipande. Dakika chache tu. Aisee! Kipande kimoja kasi iko chini ya mita 1500 kwa sekunde, na hiyo 1500 ndo kasi ya mawimbi kwenye maji ya bahari, sasa tope lililokandamizwa na mamia ya mita za mashapo litakuwaje na kasi ndogo kuliko maji? Kipande kinachofuata kikaruka juu ya 4000, unakaribia kasi ya chumvi, na pale hakuna chumvi, chumvi iko chini kabisa huko. Wakati soniki yenyewe ukiisoma inakwambia kama mikrosekunde 140 kwa futi, ambayo ni 2200 hivi. Yaani kisima kinasema kitu kimoja, mvutano unasema kingine, na tumeamua kuamini mvutano!

Nikafuta yote nikarudi mwanzo kabisa, kwenye taarifa za kisima. Na hapa ndo najivunia. Logi za kisima hazipimwi kutoka usawa wa bahari, zinapimwa kutoka juu kwenye jukwaa la mtambo wa kuchimbia, wenyewe wanaita KB. Kwa visima vya baharini KB mara nyingi inakuwa mita 30 hivi juu ya maji. Kwenye projekti ya flashi, KB imeandikwa sifuri. Sifuri! Nikafungua kichwa cha faili lenyewe la LAS, lile la logi za kisima, kwa Notepad, urefu wa jukwaa umeandikwa pale wazi, aliyeingiza hakuujaza.

Piga hesabu uone ubaya wake. Mita 30 kwenda na kurudi ni 60, kwa kasi ya 2000 ni milisekunde 30. Wimbi la hezi 40 mzunguko wake mmoja ni milisekunde 25. Kwa hiyo sinthetiki imechelewa mzunguko mzima na zaidi kidogo, na ukiivuta milisekunde tano tu inakaa vizuri kabisa kwenye wimbi ambalo SI lake. Ndo maana namba inapanda na picha inapendeza. Nikajaza KB, ikabaki kusogeza kidogo sana kwa pamoja bila kunyoosha popote, na vilele vikakaa vyenyewe juu mpaka chini. Nilipiga kelele chumba kizima kikaamka.

Kitu kingine hawakwambii: kati ya vile visima vinne, logi ya msongamano iliyopimwa kweli ipo kwenye viwili tu, F02-1 na F03-2. Hivyo vingine viwili msongamano ulikadiriwa na mtandao wa neva wa kompyuta kutoka soniki na gama rei (mionzi ya asili ya mwamba). Wengi wanaanza na F03-4, wanahangaika bila kujua sehemu ya sinthetiki yao imetoka kwenye makadirio. Anzeni na vyenye kipimo.

Kwenye horizoni sina mengi. Usiiachie programu ifuatilie yenyewe kwenye yale matabaka ya mshazari, yanapokwisha yanagusa la chini na yenyewe inarukia huko bila aibu. Mimi nilichora kwa mkono kila inilaini ya ishirini, nikahakiki kwenye krosilaini, ndo nikairuhusu ijaze katikati na dirisha dogo la kutafuta. Na kama RAM yako ni gigi nne kata kipande cha kujifunzia kwanza, usifungue mchemraba wote wa data.

Lile jedwali la kasi nilimtumia yule kaka. Akakaa kimya siku nzima, jioni akaniomba faili la Excel, na nasikia sasa wanalitumia ofisini kwao kabla ya kukubali kisima chochote. Flashi ya chuoni nayo nimeisahihisha KB zote, kwa hiyo kama unayo nakala ya zamani itupe uchukue mpya. Mimi nimehamia data za Volve, uwanja wa mafuta wa Norwei, zile kampuni ya Equinor walizoziachia 2018. Nimeanza na visima kwanza, mtetemo wake ni mzito, nasubiri kuingia maabara yenye intaneti ya waya.