Garneti ya Umba na mshono wa kwanza wa siku

Juu ya meza yangu ya kushonea pana visahani viwili vidogo vya udongo alivyoniachia mama. Asubuhi jiwe langu, kipande kidogo cha kito kiitwacho garneti, huwa kwenye kisahani cha kushoto. Nikimaliza mshono wa kwanza wa siku, hata ukiwa pindo la mkono wa shati la shule, nalihamishia kulia. Jioni nikifunika cherehani nalirudisha. Huu ni mwaka wa tatu nafanya hivyo, na kwa kuwa wateja hawaachi kuuliza, "Fundi, hicho nacho ni dawa?", nimeona niandike yote mahali pamoja.

Mama alifariki Machi 2022. Baada ya arobaini nilitoka Tanga nikarudi Arusha, nikafungua mlango wa ofisi, nikakaa kwenye stuli, nikashindwa hata kutunga uzi kwenye sindano. Nilidhani ni siku moja. Ikawa miezi saba. Kuna mteja kitambaa chake cha kitenge kilikaa kwenye mfuko wa nailoni hadi akaja kukichukua mwenyewe, hakuniambia neno, akaondoka nacho. Ukimya wake ulinichoma kuliko matusi.

Usiku nilikuwa silali, natazama simu. Huko ndiko nilikokutana na mawe ya kuongeza nguvu. Orodha zake zinafanana zote: sitrini kwa pesa na ari ya kazi, kanelia kwa hamasa, jicho la chui kwa ujasiri, garneti kwa damu na nguvu za mwili. Nikaagiza bonge la sitrini na bangili ya shanga zake, shilingi 35,000 kwa pamoja, fedha ambayo kwa wakati ule ilikuwa kodi ya wiki nzima. Lile bonge nililiweka chini ya mto. Bangili nilivaa. Asubuhi niliamka nimechoka vilevile.

Aliyenifumbua macho ni kaka mmoja mkataji wa vito, nilimshonea suruali ya harusi ya mdogo wake. Alishika bangili, akaiweka shavuni sekunde chache, akaitazama kwa lenzi yake ya kukuza mara kumi. "Dada, hii ni chupa." Akanionyesha viputo vya hewa ndani yake, vya duara kabisa. Kioo hushika joto la ngozi haraka. Jiwe la kweli la jamii ile hubaki na ubaridi kwa muda. Bonge nalo akalipindua: juu rangi ya chungwa iliyoungua, chini jeupe. Lilikuwa amethisti, lile jiwe la zambarau, limepikwa kwenye tanuri. Ukilifikisha karibu nyuzijoto 450 au 500 zambarau huondoka, inakuja njano ya moto. Sitrini ya asili mara nyingi ni njano iliyopauka, haipigi kelele.

Nilikasirika, naye akanituliza kwa jambo ambalo sijalisahau. Kupika jiwe si wizi, alisema. Tanzanite yetu wenyewe karibu yote hutoka Mirerani ikiwa na rangi ya kahawia, ndipo hupashwa moto ikawa ile bluu ambayo dunia inaililia. Kosa ni kuficha. Tangu siku hiyo swali langu la kwanza kwa muuzaji ni hili: limefanywa nini? Anayejibu bila kusita nanunua kwake. Anayeanza kuniambia habari za nyota yangu, namshukuru naondoka.

Kabla sijaendelea na mawe, lazima niseme hili, kwa sababu najua wapo wanaosoma wakiwa pale nilipokuwa mimi. Uchovu wangu haukuwa wa moyo peke yake. Dada yangu alinilazimisha kwenda kupima, na damu yangu ikakutwa 8, wakati mwanamke anatakiwa awe na 12 au zaidi. Nikapewa vidonge vya madini ya chuma, miezi mitatu, na kuambiwa nisinywe chai pamoja na chakula kwa sababu chai huzuia chuma kuingia mwilini. Mimi ni mtu wa Tanga. Kuacha chai ya mezani kulikuwa msiba wa pili. Lakini wiki ya tano nilipanda ngazi za sokoni bila kusimama. Kwa hiyo madini yaliyonirudishia nguvu ya mwili ni chuma, na niliyameza. Ukiwa unachoka hivyo, nenda kapime kwanza. Jiwe litakungoja, halina haraka.

Ila nguvu ya mwili iliporudi niligundua kitu kingine kilikuwa bado hakijarudi. Niliweza kusimama, sikuweza kuanza. Nadhani waliofiwa watanielewa. Na hapo ndipo nilipomrudia yule kaka nikamwambia natafuta jiwe, safari hii si la kuniponya. La kushika tu.

Alinimwagia mezani vipande ambavyo havifai kukatwa, vyenye nyufa na uchafu ndani. Akaniambia nifumbe macho nivishike kimoja kimoja. Nilidhani ni ushirikina, kumbe ni kazi: mkono unajua uzito. Garneti ni nzito kuliko jiwe jeupe angavu, lile Waingereza waliitalo quartz, la ukubwa uleule, na tofauti hiyo unaisikia kiganjani. Nilichokichagua kina ukubwa wa kokwa ya tende na rangi ya chai ya rangi iliyowekwa dirishani, pinki kidogo ukikipeleka kwenye taa. Kimepasuka upande mmoja. Shilingi 20,000.

"Unajua hiyo inaitwaje?" akauliza. Akasita kulitaja mbele yangu. Inaitwa malaya.

Nilitaka kuirudisha. Kisha akanieleza. Katika Bonde la Umba, huku kwetu kaskazini mwa Mkoa wa Tanga, karibu na mpaka wa Kenya, watu walikuwa wakitafuta garneti ya rangi ya waridi iliyokolea zambarau, rodolaiti, kwa sababu ndiyo iliyokuwa na wanunuzi. Kwenye chekeche zilikuja pia hizi za rangi ya chungwa na pinki. Hazikuwa rodolaiti, hazikufanana na garneti yoyote waliyoijua. Zikatengwa, zikapewa jina la kudharau, mawe yasiyo na ukoo. Wataalamu walipozipima waliona ni mchanganyiko wa aina mbili za garneti, moja yenye magnesi na nyingine yenye manganizi, pamoja na chuma kidogo. Wakataji wakapenda jinsi zinavyowaka. Bei ikapanda. Leo jina hilo la Kiswahili limo kwenye vitabu vya vito duniani kote, ingawa wafanyabiashara wengine huandika "malaia" ili wasione haya.

Mto Umba unashuka kutoka Usambara, unamalizikia baharini Vanga. Mama alizaliwa kwenye milima hiyo. Mimi nilikuwa nimeketi Arusha na kipande cha mchanga wa nyumbani kwake, kilichokuwa kimetupwa pembeni mara mbili, kwanza na wachimbaji kisha na mkataji. Nililia pale pale mezani kwa watu. Sina neno jingine la kueleza namna nilivyochagua jiwe langu. Orodha za mtandaoni zisingeweza kunifikisha pale.

Idi iliyofuata nilikwenda kumsalimia mjomba. Yeye huvaa pete ya fedha yenye akiki nyekundu tangu sijazaliwa. Ni jiwe la jamii ileile inayouzwa mitandaoni kwa jina la kanelia. Baada ya shikamoo na chakula nilimtolea garneti yangu, nikamuuliza moja kwa moja kama nafanya shirki. Akaizungusha kwenye mwanga. "Mwanangu, ukisema hili ndilo linakupa riziki, umekosea. Mimi pete hii nimeisahau bafuni mara ngapi! Siku hizo nani alinilinda?" Akanieleza kwamba akiiona kidoleni anamkumbuka baba yake aliyempa, na akimkumbuka baba yake hawezi kumdhulumu mtu kwenye mizani. Kazi ya pete inaishia hapo. Nilirudi nyumbani nikaweka visahani viwili mezani.

Kwa wanaotaka ushahidi: Christopher French, mwanasaikolojia wa chuo cha Goldsmiths huko London, alieleza mwaka 2001 jaribio ambalo watu walipewa mawe washike, wengine ya kweli na wengine ya kuiga, na baadhi yao wakiwa wameelezwa mapema mambo wanayoweza kuhisi. Wenye ya kuiga walihisi mambo yaleyale. Na wale wanaokwambia kwamba jiwe lina umeme wanachukua ukweli na kuuvuta mbali: ndugu wawili Wafaransa, Jacques na Pierre Curie, walionyesha mwaka 1880 kwamba fuwele fulani, lile jiwe jeupe angavu likiwamo, zikibanwa hutoa umeme, na ndani ya saa ya mkononi kipande chake hutikisika mara 32,768 kwa sekunde. Lakini saa ina betri na mtambo wa kuitumia tabia hiyo. Kiganja changu hakina. Mimi habari hizi hazikunivunja moyo. Zilinifundisha kwamba kilichosemwa kabla ya kushika ndicho kinachofanya kazi, basi nikachagua cha kusema: mshono mmoja.

Jiwe hilo jeupe, kwa njia, wazee wa pwani walikuwa na jina lake zuri, bilauri. Neno limetoka kwa Waarabu, na sisi tumelibakiza kwenye glasi ya maji. Napenda kulirudisha kwa mwenyewe.

Ukitaka kuanza, chukua kitu kidogo kizito, kigumu, usichoogopa kukiangusha. Garneti na bilauri huvumilia mfuko wenye funguo. Selenaiti, jiwe jeupe lililo laini, haivumilii, unaikwaruza kwa kucha, na yangu niliiosha kwa maji mara moja tu ikapoteza mng'ao wote. Amethisti usiiache juani miezi, itapauka. Na nawasihi sana, msitie mawe kwenye maji ya kunywa. Nimeona malakiti, lile la kijani lenye mistari linalotoka Katanga, limetumbukizwa kwenye chupa ya maji ya mtu anayekwenda mazoezini. Lile ni madini ya shaba. Livae shingoni likiwa limepigwa msasa vizuri, usilinywe.

Uliza pia limechimbwa wapi. Mirerani, mwaka 1998 na tena 2008, maji ya mvua yaliingia migodini na kuwaua wanaapolo, yaani wachimbaji, wengi waliokuwa chini. Kina mama huko hushinda juani wakichekecha magonga, kifusi kilichokwisha pitiwa na wengine, kutafuta punje iliyosahaulika. Siwezi kushika jiwe na kuzungumzia nguvu bila kuwafikiria wao. Ndiyo maana nanunua kwa mtu ninayemjua, nalipa anachosema, sipunguzi bei ya kipande kilichopasuka.

Siku zipo ambazo jiwe hushinda kushoto. Machi yote, kila mwaka, hushinda kushoto zaidi ya mara moja. Sijilaumu, nalifunika kwa kitambaa na kesho yake naanza tena.

Binti anayejifunza kwangu aliomba naye awe na lake. Nilimpeleka kwa kaka yule, akaacha vyote vyenye rangi akachukua kipande cha bilauri chenye vijistari vyeusi ndani kama nyuzi zilizokatika. Nikamnunulia visahani viwili sokoni. Jana alinitangulia kufika. Nilikuta jiwe lake liko kulia tayari, na mikono miwili ya shati imekwisha kuungwa. Mmoja ameuunga kinyume. Tuliufumua pamoja, jiwe tukaliacha lilipo.