Siku tatu za Rehoboamu

Somo la wiki: 1 Wafalme 12:1–24, Luka 22:47–53

Wapendwa katika Bwana, amani iwe nanyi.

Watu walipomwendea mfalme Rehoboamu, mwana wa Sulemani, kule Shekemu hawakuwa wamebeba mawe. Walikuwa na ombi moja tu, na walilisema kwa adabu: baba yako alitutwika kongwa zito, basi utupunguzie, nasi tutakutumikia. Hakuna aliyekitaka kiti chake. Mfalme naye hakuwajibu papo hapo, aliwaambia waende na kurudi baada ya siku tatu. Hadi hapo hajakosea chochote. Malalamiko ameyasikia, muda wa kuyapima anao, na anao wazee waliomtumikia baba yake, watu wanaojua fika Hekalu na majumba ya Sulemani yalijengwa kwa migongo ya akina nani.

Wazee wakamwambia awe mtumishi wa watu hawa na kuwajibu maneno mazuri. Akayaacha mashauri yao, akawaendea vijana waliokua pamoja naye. Maandiko yanataja mara mbili kwamba vijana hao walikua pamoja naye (mstari wa 8 na wa 10), nami naona jambo hilo lina uzito wake. Walilelewa kwenye nyumba ya mfalme. Shokoa, yaani kazi ya kulazimishwa, kwao ilikuwa habari ya watu wengine. Ndiyo maana kilio cha watu waliochoka walikisikia kama utovu wa heshima, na jibu walilomtungia mfalme halikuwa na hesabu wala mpango wowote ndani yake. Lilikuwa na majivuno: "Kidole changu cha mwisho ni kinene kuliko kiuno cha baba yangu."

Mtu anayewaambia watu wa Mungu kwamba kuwanung'unikia vigogo ni dhambi hajausoma Waraka wa Yakobo. Sura ya 5 inasema ujira wa wavunaji uliozuiwa kwa hila unapiga kelele, na kilio chao kimeingia masikioni mwa Bwana wa majeshi. Mungu hasemi hapo kwamba walalahoi wana wivu. Anasema amewasikia. Na katika hadithi ya Shekemu, kilichowavunja watu moyo hakikuwa kongwa peke yake, kwa maana kongwa walikuwa wamelibeba miaka mingi. Kiliwavunja dharau. Mtu anaweza kuvumilia kodi nzito kwa muda mrefu kuliko anavyoweza kuvumilia kuchekwa na anayeila.

Lakini sikilizeni jinsi maneno yao yanavyobadilika. Siku ya kwanza walisema "utupunguzie." Siku ya tatu wanasema, "Tuna sehemu gani katika Daudi?" Lile lilikuwa dai, na dai huweza kujibiwa, kupunguzwa, kusuluhishwa. Hili la pili linahusu nyumba, ukoo, watu wa aina ile. Halijibiki. Mtu akishafika hapo hataki tena mzigo upungue. Anataka wale wasiwepo.

Kisha unakuja mstari wa 18, ambao huwa tunaupita haraka. Rehoboamu akamtuma Adoramu, aliyekuwa juu ya shokoa, na Israeli wote wakampiga kwa mawe hata akafa. Mfalme akafanya haraka kupanda garini, akakimbilia Yerusalemu.

Mfalme ndiye aliyetukana. Aliyekufa ni Adoramu. Wengi humwona kuwa ndiye yule Adoniramu wa sura ya 4 na ya 5, aliyewasimamia watu 30,000 waliopelekwa Lebanoni kwa zamu, 10,000 kila mwezi. Kama ndiye, basi uso wake ulijulikana na kila aliyewahi kupigwa mjeledi. Simtetei. Huenda mikono yake haikuwa safi. Lakini alitumwa kwenda kusimama katikati ya maneno ambayo hakuyasema yeye na hasira ambayo mwenye maneno hayo hakuthubutu kukutana nayo. Mfalme alikuwa na gari, Adoramu hakuwa nalo.

Ninapoona askari polisi wamepangwa mstari mbele ya jengo la serikali, ngao mkononi, namkumbuka Adoramu. Mara nyingi wametoka katika familia zilezile za wale wanaowarushia mawe. Hawakuandika sheria iliyowaudhi watu, wala hawakutoa kauli ya dharau iliyosikika jana yake. Wametumwa. Na wamepewa kitu ambacho Adoramu hakuwa nacho, yaani bunduki, na hapo ndipo jambo linapokuwa zito pande zote mbili. Wakati mwingine anayekufa ni askari. Mara nyingi ni yule aliyesimama mbele yake.

Maofisa waliowahi kufyatua risasi husimulia mambo yanayofanana: macho yalikiona kitu kimoja tu, sauti zikapotea, muda ukavutika au ukakatika. Tusiwadharau wanaposema hivyo. Mwaka 1989, katika kesi ya Graham v. Connor, Mahakama Kuu ya Marekani ilisema kwamba nguvu aliyotumia ofisa ipimwe kwa macho ya ofisa mwenye busara aliye pale pale, si kwa macho ya mtu anayetazama nyuma akiwa ametulia, kwa kuwa polisi hulazimika kuamua ndani ya nukta moja. Kuna haki katika hilo. Sisi tunaorudia klipu mara kumi tukiwa tumekaa, tunaisimamisha hapa na kuikuza pale, hatuko mahali alipokuwa yeye.

Hata hivyo, nukta ile si mwanzo wa jambo. Mei 2025 mahakama hiyohiyo, kwa kauli moja ya majaji wote, iliamua kesi nyingine, Barnes v. Felix, iliyotoka Texas. Dereva alisimamishwa kwa sababu ya ushuru wa barabara uliohusishwa na gari aliloendesha. Gari lilipoanza kuondoka, ofisa alikanyaga kizingiti cha mlango wake, na takriban nukta mbili baadaye alifyatua risasi ya kwanza. Dereva akafa. Mahakama za chini zilizitazama nukta hizo mbili peke yake, zikasema ofisa aliyening'inia kwenye gari linalokwenda alikuwa hatarini. Mahakama Kuu ikakataa kipimo hicho: ni lazima kutazama mazingira yote, na yaliyotangulia yamo. Haikusema ofisa ana hatia. Ilisema huwezi kuihukumu nukta ya mwisho kama kwamba haikuzaliwa na nyingine.

Niliposoma habari hiyo niliona ni hekima ambayo kanisa lingepaswa kuwa nayo zamani. Ofisa aliyefundishwa kuweka umbali, kutafuta kinga, kusema na mtu kabla ya kumsogelea, amejipatia muda ambao mwenzake hana. Kanuni za Umoja wa Mataifa kuhusu matumizi ya nguvu na silaha za moto, zilizopitishwa Havana mwaka 1990, zinataka silaha ya kuua itumike kwa kukusudia pale tu isipoepukika kabisa ili kuokoa uhai. Ukitaka mtu alitii neno hilo usiku, moyo ukimdunda, lazima alifanyie mazoezi mchana. Na anayepanga mazoezi, anayetoa amri, anayeamua ni nani apelekwe mbele ya umati na kwa silaha gani, huyo ana siku tatu. Wakati mwingine ana miaka mitatu. Wanasiasa wanapojificha nyuma ya nukta ya askari mmoja, wamepanda gari la Rehoboamu.

Kumwombea askari na kudai uchunguzi wa haki juu ya risasi yake havipingani, wapendwa. Mama aliyezika mwanawe ana haki ya kuambiwa ukweli wote, na mpendwa yeyote anayemwambia anyamaze "kwa ajili ya amani" anamwongezea kongwa.

Sasa twende upande wa wanaowasemea wanyonge, maana Biblia haiwaachi nao. Yeroboamu aliyerudi kutoka Misri na kusimama mbele ya umati Shekemu hakuwa mgeni wa ikulu. 1 Wafalme 11:28 inasema Sulemani ndiye aliyemweka juu ya kazi yote ya shokoa ya nyumba ya Yusufu. Alikuwa mmoja wa wasimamizi! Na alipopata ufalme, alisema maneno matamu kwa watu waliochoka: ni vigumu kwenu kupanda kwenda Yerusalemu, tazameni miungu yenu. Ndama wawili wa dhahabu wakasimamishwa kwa jina la kuwahurumia wananchi, ilhali mistari ya 26 na 27 ya sura ya 12 inatufungulia moyo wake: aliogopa watu wasimrudie Rehoboamu, wakamwua yeye. Si kila anayewachukia vigogo anawapenda wadogo. Mpimeni kwa jinsi anavyomtendea aliye chini yake leo, kabla hajapata kiti.

Na neno linaloachwa likizunguka humfikia mtu aliye tayari kulitenda. Juni 2016, wiki moja kabla ya Waingereza kupiga kura juu ya Umoja wa Ulaya, mbunge Jo Cox aliuawa barabarani katika jimbo lake, akiwa njiani kwenda kusikiliza shida za wapiga kura wake. Baba yake alifanya kazi katika kiwanda cha dawa ya meno. Yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza katika familia yake kupata shahada. Lakini mshtakiwa alipoulizwa jina lake mahakamani alijibu, "Kifo kwa wasaliti, uhuru kwa Uingereza." Jina la msaliti lilikuwa limeshatengenezwa, likisubiri kuvikwa mtu, na mtu aliyevikwa ni binti wa mfanyakazi wa kiwandani.

Marekani, Juni 2025, Melissa Hortman, aliyewahi kuwa Spika wa Baraza la Wawakilishi la Minnesota, yeye na mumewe waliuawa nyumbani kwao na mtu aliyefika mlangoni amevaa kama polisi. Septemba mwaka huohuo Charlie Kirk alipigwa risasi mbele ya wanafunzi katika chuo kikuu kimoja huko Utah. Mmoja alikuwa wa chama cha Demokratiki, mwingine alikuwa sauti ya wahafidhina. Nawataja pamoja kwa makusudi. Ukijikuta unamlilia mmoja na kumtafutia sababu aliyemwua mwingine, peleka moyo wako kwa Bwana kabla hujapeleka neno lolote kwa watu.

Huko bustanini, usiku Yesu alipokamatwa, wanafunzi wake nao walikuwa na nukta yao. Luka anasema walipoona yatakayotokea walimwuliza, "Bwana, tuwapige kwa upanga?" Swali jema, tena kwa mtu sahihi. Ila mmoja wao hakungoja jibu. Yohana anatuambia ni Petro, na aliyekatwa sikio ni Malko. Huyo Malko hakuwa kuhani mkuu, alikuwa mtumwa wa kuhani mkuu. Upanga uliochomolewa dhidi ya wakubwa ulimwangukia mtumwa wao, vilevile mawe ya Shekemu yalivyomwangukia Adoramu.

Na Bwana, ambaye saa ile ndiyo hasa iliyokuwa yake ya kukamatwa kwa hila za wakubwa, aligusa sikio la yule mtumwa akamponya. Hakuacha kuwaambia wakuu wa makuhani ukweli. Aliwaambia usoni kwamba hii ndiyo saa yao na mamlaka ya giza. Alisema na wakubwa kwa ukali na akamshughulikia mdogo kwa mkono wake, katika dakika hiyohiyo. Sijui kwingine ambako yote mawili yamekutana hivyo.

Petro hakulala tu bahati mbaya usiku ule akaamka na upanga. Muda mfupi kabla yake aliambiwa akeshe na kuomba, asiingie majaribuni, akasinzia. Kilichotoka mkononi mwake ghafla kilikuwa kimeshakaa moyoni. Nasi wengi wetu hatutashika bunduki wala kusimama mbele ya umati wenye mawe, lakini simu tunayo. Klipu ya mtu akifa inakuja, na kabla haijaisha kidole kimeshaituma kwa kundi la maombi pamoja na neno "wauaji" au "magaidi." Hatujui jina la marehemu, lakini hukumu tumeshaitoa. Wiki hii nawasihi msiisambaze. Ngojeni. Ulizeni nani amekufa, ana watoto wangapi, nani atamsaidia mjane, nani anachunguza, na kama hakuna anayechunguza, dai hilo tulipeleke wazi kwa wenye mamlaka, kwa majina yetu.

Somo letu la Wafalme nusura limalizike kwa damu. Rehoboamu alifika Yerusalemu, akakusanya wateule 180,000 wawapige Israeli. Sababu anayo: mtumishi wake ameuawa. Hapo neno la Mungu likamjia Shemaya, mtu wa Mungu, akamwambia mfalme na watu wote, "Msiende, wala msipigane na ndugu zenu." Ndugu zenu, wakati mawe yaliyomwua Adoramu bado yako barabarani. Nao wakalisikiliza neno la Bwana, wakarudi.

Tuombe.

Baba, tunakuletea leo nyumba zilizopoteza mtu kwa risasi ya dola, na nyumba zilizopoteza mtu kwa mkono wa mwenye chuki. Mkumbuke askari aliyefyatua na hajalala vizuri tangu siku ile. Mpe kusema kweli, hata ikimgharimu. Wape watawala masikio ya kusikia ombi la watu wakati bado ni ombi. Na yule ambaye usiku huu ameshaandika jina la mtu moyoni mwake na kutafuta silaha, mtumie Shemaya mmoja ampigie simu kabla ya asubuhi. Na kama Shemaya huyo yumo miongoni mwetu, mwamshe. Kwa jina la Yesu. Amina.