Mimea yangu ya kulinganishia ilikuwa ikinusa homoni

Kwa miezi minne grafu zangu zilikuwa zimelala. Nilikuwa nikiipulizia mimea ya artemisia methili jasmoneti, homoni ambayo mmea hujitengenezea unapotafunwa na wadudu, ili nione jeni ya AaWRKY1 ikiamka. Protini yake hujishika mbele ya jeni ya ADS na kuiwasha, ile ya kimeng'enya kinachoanzisha safari ya kutengeneza artemisinini, dawa ya malaria. Nilitarajia tofauti kubwa kati ya mimea niliyoipulizia na ile niliyoiacha. Wapi! Zilikuwa sawasawa.

Nilianza kwa kuilaumu RNA, zile nakala za jeni ninazozipima kujua jeni ipi imewaka. Majani ya artemisia yana kemikali nyingi ziitwazo fenoli, na usipokuwa mwangalifu RNA hutoka na rangi ya kahawia. Nikabadilisha njia ya kuitenga, nikapata RNA safi kabisa, na grafu ikabaki vilevile.

Kumbe jibu lilikuwa puani mwangu. Methili jasmoneti huruka hewani upesi, na chumba kizima kilikuwa kikinukia kama yasmini. Mimea ya kulinganishia ilikaa rafu moja na ile mingine, ikivuta hewa hiyohiyo. Aibu ilizidi niliposoma kwamba Farmer na Ryan walilionyesha jambo hili mwaka 1990: matawi ya Artemisia tridentata, ndugu wa mmea wangu, yalifungiwa chombo kimoja na minyanya, na minyanya ikatengeneza protini za kuwavuruga wadudu tumboni bila hata kuguswa.

Nikaihamishia ile ya kulinganishia chumba kingine, nikaipulizia maji yenye alkoholi kiasi kilekile nilichoyeyushia homoni. Hilo la alkoholi nusura nilisahau.

Kosa la pili lilikuwa la muda. Nilikuwa nachuma majani baada ya saa 24, wakati vidhibiti vya jeni, yaani protini kama ya AaWRKY1 zinazowasha jeni nyingine, huwahi mno. Mmea ukiwa umetulia, protini za JAZ humshikilia kidhibiti kiitwacho MYC2 asifanye kazi. Homoni ikiingia, JAZ hutiwa alama ya kutupwa, zikasagwa, MYC2 akaachiwa. Ndani ya saa chache huwasha jeni za kujikinga, na pamoja nazo jeni za JAZ zenyewe, yaani anawaita walinzi wake warudi kumfunga. (Hapa ndipo nilipoupenda mmea huu.) Nilipofika mimi na mkasi, shughuli ilikuwa imekwisha zamani.

Sasa nachuma saa 0, 1, 3, 6, 12 na 24, na kila mara nachuma pia kwenye mimea ya kulinganishia, maana jeni nyingi hupanda na kushuka kufuata saa za mchana na usiku hata pasipo dhiki yoyote. Safari hii AaWRKY1 ilipanda mapema, ADS ikafuata. Grafu hiyo nimeibandika mlangoni mwa chumba cha pili, juu ya karatasi niliyoandika kwa kalamu nyekundu: umetoka kupulizia, usiingie.